Anti, msimu wa harusi umenitenga na bahari

Shikamoo Anti,

Mimi ni mpiga picha, mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam. Nina mke na watoto wawili. Kazi inayotulisha ni harusi: kicheni pati, sendofu, kanisani au msikitini, ukumbini, kisha albamu. Katikati ya wiki napiga mahafali na mikutano ya makampuni, na mara mojamoja hoteli huniita nikawapigie picha za vyumba na chakula. Namshukuru Mungu, simu inaita. Ila tangu shule zilipofungwa Juni sijapumua, na Desemba ndiyo hiyo inakuja, kila Jumamosi imeshachukuliwa.

Msimu wetu unaujua. Watu hupanga harusi ndugu wakiwa likizo, kwa hiyo wote wanataka tarehe zilezile. Kuna wiki nilimaliza harusi Arusha usiku wa manane, alfajiri nikawa kwenye basi, kesho yake nikapanda boti kwenda Unguja na begi ambalo sikupata hata muda wa kulifungua nyumbani. Haddiski zimejaa. Maharusi wa miezi mitatu nyuma wanauliza albamu, kamati nyingine hazijamalizia salio, na usiku nahariri picha mpaka macho yanawasha.

Sasa Anti, mimi nimezaliwa Pangani. Kamera ya kwanza niliazimwa na mjomba, na picha za kwanza nilipiga pale mtoni panapokutana na bahari, mashua zinavuka. Mpaka leo picha ninazozipenda ni za pwani: wavua pweza wakirudi, akina mama wa mwani, mafundi wa mashua, mikoko maji yakipwa. Hizo hakuna aliyeniagiza na sijawahi kuziuza. Ndizo ninazozifungua nikitaka kukumbuka kwa nini nilianza kazi hii.

Kwa kuwa sina muda, nimekuwa nikizichomeka kwenye safari za kazi. Nikipata kazi Zanzibar au Tanga, naamka mapema nikapige zangu kabla ya kazi ya mteja. Hazitoki. Safari ya mwisho nilikuwa hoteli moja upande wa Jambiani. Alfajiri nikatoka chumbani mbio, lenzi ikajaa ukungu, nikafuta weee, haukuisha. Ulipoisha, jua limeshapanda, na ufukweni hakuna mtu, maji yamejaa tele. Akina mama wa mwani wakaanza kushuka saa tatu, wakati mimi napanga sahani za kifungua kinywa. Meneja akatupa mapumziko ya chai saa nne, nikakimbilia baharini na kupiga kidogo. Nimezitazama zile picha mara nyingi. Ni nzuri, ila hazina kitu. Ni picha za mtu anayepita.

Juu ya hapo, meneja aliniona, na sasa ameniandikia kwamba picha zote nilizopiga nikiwa nimelala kwao ni mali ya hoteli, nimtumie na hizo za akina mama, anataka kuziweka kwenye tangazo. Sijamjibu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na watoto wana likizo Juni na Desemba, na hapo ndipo mimi sionekani. Kazi ikipungua, Februari hivi, wao wako shule, nami nachukua kamera naelekea pwani. Juzi aliniambia bila hata kupandisha sauti: "Ukiwa kazini uko kazini, ukipumzika uko baharini. Zamu yetu ni lini?" Sikuwa na jibu.

Rafiki yangu ananishauri niachane na harusi, nihamie Zanzibar nikapige picha za pwani na kuwauzia watalii. Kuna usiku nawaza kinyume chake, niuze ile lenzi ndefu ya baharini nibaki na harusi moja kwa moja, nyumbani kutulie. Nisaidie Anti. Niache harusi, au niache bahari? Na huyu meneja nimjibuje?

Ni mimi,
Mpwani wa Tegeta

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya kuandika safu hii nimekaa miaka mingi kwenye meza ya picha gazetini, nikipokea kazi za vijana kama wewe na kuchagua ipi ichapwe, ipi irudi. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kama anti, na nimeisoma pia kama mhariri wa picha. Na mimi ni mtu wa Tanga, bahari unayoisema naijua.

Harusi usiache, na lenzi usiuze. Kitu cha kuacha ni kimoja tu: kuibaiba picha za pwani kwenye muda wa mteja. Hapo ndipo mambo yote matatu uliyoniandikia yanapoanzia, yaani picha zisizo na kitu, ugomvi na meneja, na mama watoto anayekuona kama mgeni.

Nianze na harusi, maana nimeona unaziandika kana kwamba ni mzigo unaokuzuia kuwa mpiga picha wa kweli. Sivyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar. Ile ilikuwa studio ya mjini, watu wanaingia wamevaa vizuri, wanakaa kwenye kiti, wanapigwa, wanalipa. Hiyo ndiyo iliyoweka mlango wazi. Leo studio ile inajulikana mbali kwa picha zake nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, akafungua studio yake miaka ya 1960 na kuwapiga watu wa mji wake. Hawa hawakuchagua kati ya mteja na pwani. Studio iliwaweka mahali pamoja miaka na miaka, na kukaa mahali pamoja ndiko kulikowapa picha ambazo mpita njia hazipati.

Rafiki yako anayekutuma Zanzibar ukauze picha kwa watalii hajakuambia kwamba huko nako kuna msimu, nao unaangukia hapohapo kwenye msimu wako: Juni hadi Oktoba, kisha Desemba na kuendelea. Utakuwa na shughuli zilezile, ila wateja wageni, kodi ya nyumba mbili, na mke na watoto ng'ambo ya maji. Halafu mtalii anataka nini? Anataka jahazi na jua linazama. Utapiga machweo mpaka uyachukie. Mwanangu, pwani unayoipenda itakuwa mteja mwingine anayekudai.

Sasa twende kwenye picha zako. Umesema mwenyewe kwamba ni za mtu anayepita, na mimi nakuamini. Tazama ulivyofanya: unakaa Tegeta, unavuka bahari kwenda Jambiani kutafuta pwani, na Kunduchi iko pale pua na mdomo. Kuna wavuvi wanaoshusha samaki asubuhi, kuna mashua zimepandishwa mchangani zinakarabatiwa, kuna kisiwa cha Mbudya mbele yako, kuna mikoko, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Na jua linatokea baharini, si nyuma ya nyumba. Sikuambii Jambiani si pazuri. Nakuambia Jambiani unakwenda mara moja kwa mwaka, Kunduchi unaweza kwenda kila mwezi na mchana ukawa mezani kwako unahariri harusi.

Chukua mfano wa mwani huohuo ulioukosa. Kilimo kile kilianza kushika upande wa mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokilima ni wanawake. Kuna aina mbili kubwa. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayokufa haraka maji ya kina kifupi yakipata joto. Ndiyo maana utawakuta wengine wamebaki na spinosamu, na wengine wanasogea kwenye kina, mwanamke anafunga mwani maji yakiwa kifuani. Anayepita anaona mama amebeba fungu la mwani kichwani, rangi nzuri, bahari ya buluu nyuma, anapiga, anaondoka. Anayerudi ndiye atakayeuliza mbona mwaka jana kamba zako zilikuwa kule na leo ziko huku. Picha yenye kitu inatoka kwenye swali la namna hiyo. Kunduchi nako maswali yapo. Kaa na fundi anayekalafati mashua, umwone anavyoshindilia pamba kwenye nyufa za mbao, kigongo na patasi, pole pole, ubao hadi ubao. Mara ya kwanza utapiga mikono. Mara ya tatu utajua mashua ni ya nani, imevuja wapi na kwa nini mwenyewe amekaa pembeni amenuna. Hapo sasa niletee picha.

Siku unaipataje? Usiitafute kwenye mabaki ya wiki, maana msimu ukiwa mkali wiki haibakizi kitu. Itafute kwenye mwezi. Wewe ni mtoto wa Pangani, haya uliyakuta kwa wazee, ila naona Tegeta imekusahaulisha. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, yanapwa na kujaa kuliko siku nyingine, na pwani yetu hii ya Dar es Salaam na Unguja hukauka karibu saa nne asubuhi. Basi hata usingeamka alfajiri siku ile Jambiani usingekosa kitu, maana akina mama walikuwa wanangoja maji, nayo yalikuwa hayajatoka. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja kukauka kumehamia saa kumi jioni, na hayo ni maji mafu, hayatoki mbali. Ukitaka maji yamejaa jua likichomoza na vyombo vinaelea, nenda siku mbili tatu baada ya bamvua. Ukitaka mchanga mtupu alfajiri, ngoja siku ya tisa au ya kumi tangu mwezi kuandama, ila ujue maji hayatapwa sana. Ukitaka watu walioingia mwambani, wavua pweza na wachokoa chaza, ni bamvua, saa mbili mpaka saa tano.

Najua utaniambia saa nne jua ni kali, uso unakuwa na vivuli vizito. Kweli, kama unapiga kichwa cha mtu kimesimama kwenye mchanga mkavu. Shuka mpaka kwenye mchanga wenye maji. Ule unarudisha mwanga juu, unaingia chini ya kofia na chini ya mtandio, uso unafunguka wenyewe bila flashi. Miezi ya kusi nayo usiiogope. Mawingu yanatulia juu, mwanga unalainika, upepo unavuma na watu wanafanya kazi kwa nguvu. Wengi wanaokuja na picha za pwani wanakuja na siku za utulivu tu, unadhani bahari haijawahi kukasirika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, au programu yoyote ya maji kwenye simu, na kalenda yako ya kazi. Katika kila bamvua tafuta asubuhi moja ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, iandike kama unavyoandika kazi yenye kianzio. Mtu akipiga simu kuhusu asubuhi hiyo, jibu lako ni kwamba una kazi. Hutasema uongo. Ikiwa msimu umebana kupita kiasi, asubuhi moja kwa mwezi inatosha, ila isiwe ile inayobaki, iwe ile uliyoichagua.

Halafu kuna neema ambayo sidhani kama umeiona. Februari unayosema kazi hupungua haipungui bure. Wakatoliki na Wakristo wengine wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresma, na Waislamu hawafanyi sherehe Ramadhani. Zamani vipindi hivi vilikuwa mbali kimoja na kingine, ulikuwa unapoteza wateja hawa huku na wateja wale kule. Sasa vimekutana, kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresma, ilikuwa Februari 18, na mfungo ukaanza hapohapo, tofauti ikiwa ni ya mwandamo tu. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni Februari 10, na Ramadhani inatarajiwa kuingia wiki hiyohiyo. Pasaka ni Machi 28. Hapo katikati una wiki nne ambazo simu ya harusi hailii kabisa, kaskazi bado ipo, masika hayajafika, na maji ya bamvua yanaelekea kuwa makubwa kuliko miezi mingine, kwani Machi na Septemba ndipo yanapopwa na kujaa sana. Na kwa kuwa Ramadhani inaanza na mwandamo, inaanza na bamvua. Usiweke kazi nyingine hapo kwa woga wa mfuko. Weka akiba Desemba, fedha ya wiki hizo nne iwe imekaa pembeni tayari, kama unavyoweka ada za watoto. Ukishuka Kunduchi mchana wa mfungo, chupa yako ya maji ibaki kwenye begi, na usimwombe mtu aliyefunga asimamesimame juani kwa ajili ya picha yako. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia, simu za harusi za Kiislamu zitaanza tena, na baada ya Pasaka ndiyo kabisa.

Kuhusu ule ukungu kwenye lenzi, hilo ni jambo dogo lenye dawa. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nje kuna joto na unyevu, na kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani kinatoa jasho. Kufuta hakusaidii, linarudi. Kamera ilale kwenye begi lililofungwa, na begi lilale sehemu isiyo na kiyoyozi, au ulitoe nje nusu saa kabla bila kulifungua. Usibadilishe lenzi ufukweni upepo ukivuma. Ukirudi, pitisha kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu, maana chumvi ikikauka kwenye vitufe inakula taratibu. Kamera ileile ndiyo inayokulisha Jumamosi.

Msimu wenyewe nao unahitaji kupunguzwa uzito. Unapiga mwenyewe, unahariri mwenyewe, unadai salio mwenyewe. Tafuta kijana mmoja mwaminifu, mfundishe kuchambua na kusawazisha rangi, mlipe kwa kila albamu. Salio lilipwe kabla ya siku ya harusi, na liandikwe hivyo kwenye makubaliano. Kamati ikishakula pilau hakuna anayekumbuka mweka hazina ni nani. Safari za mbali mwisho wa wiki, Arusha, Mwanza, zipandishie bei mpaka zile zinazobaki ziwe zinastahili basi la usiku. Zitakazokukimbia, acha zikimbie.

Sasa meneja. Mjibu wiki hii, usimwache akachapisha kwanza. Fungua makubaliano yenu, hata kama ni ujumbe wa simu, uone mlikubaliana upige nini. Kama yanasema vyumba, chakula na bwawa, basi hivyo ndivyo alivyolipia. Kitanda alichokupa ni gharama ya kazi, hakimpi kila kitu ambacho kamera yako imeona. Kama yanasema picha zote utakazopiga ukiwa pale, jambo ni jingine, na itabidi umwombe mzungumze kwa heshima. Kazi zako zinalindwa na sheria: ofisi ya hakimiliki kwa Bara ni COSOTA, kwa Zanzibar ni COSOZA, na kwa kuwa hoteli iko Jambiani, COSOZA ndio wa kuwauliza kwanza. Lakini mwanangu, liko kubwa zaidi ya lako na lake. Wale akina mama hawajakubali kutangaza hoteli. Uliwaomba uwapige wakiwa kazini kwao, kama uliomba. Mwandikie meneja hivyo, kwa upole: kwamba nyuso zile zina wenyewe, na akitaka tangazo lenye mwani, atoe siku, azungumze na wakulima wenyewe, wakubaliane malipo, nawe utarudi kuwapiga kwa makubaliano mapya. Akikubali, utakuwa umewapatia kipato. Akikataa, hutampa. Na ukipata mtu anayekwenda Jambiani, safisha picha zile uwapelekee akina mama nakala zao. Nimeona picha nyingi za watu wa pwani kwenye kuta za wageni, na chache sana kwenye nyumba za wenyewe.

Tangu sasa, mkataba wa hoteli yoyote uandike mstari mmoja: picha zisizotajwa humu ni za mpiga picha. Na ukiwa kwa mteja, uwe wa mteja. Utalala vizuri zaidi.

Nimemwacha mkeo mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote kwenye barua hii. Likizo yao ni msimu wako, mapumziko yako ni masomo yao. Hakuna mwenye kosa, ila ukiacha kalenda iende yenyewe, watoto watakua na hamtakuwa mmekaa pamoja. Mpango wa Kunduchi unasaidia kidogo, kwa kuwa asubuhi za Jumanne yeye yuko darasani na watoto wako shule, hauchukui chochote chao. Lakini hilo halimpi zamu yake. Zamu yake lazima itoke kwenye msimu, kwenye fedha, itakuuma. Wiki moja ya Juni na wiki moja ya Desemba, zifungwe mapema kabla hujapokea kianzio cha mtu. Nendeni Pangani wakaone ulipozaliwa. Na hapo, mwanangu, kamera kubwa ibaki Tegeta. Watoto wapige kwa simu.

Mwonyeshe pia hesabu. Wake za wapiga picha wengi niliozungumza nao hawaumizwi na bahari, wanaumizwa na kutojua. Safari ile iligharimu kiasi gani, ile lenzi ilikuwa shilingi ngapi, Februari tutakula nini. Mwalimu wa shule ya msingi anayepanga mwaka mzima wa darasa atakupangia msimu vizuri kuliko wewe. Jumapili hii usihariri. Kaeni na kalenda ya 2027 mezani, kalamu mpe yeye kwanza, azungushie wiki zake, kisha wewe uweke bamvua zako, harusi zije mwisho. Kwa Desemba hii ambayo imeshajaa, chagua kazi moja ya mbali, piga simu Jumatatu, mweleze mteja ukweli na umpe jina la mpiga picha mwenzako unayemwamini kule alipo. Bado kuna muda wa kutosha kwake kujipanga.